Tangawizi ya Kwenye Ndoo

Shangazi yangu hana shamba. Ana ndoo. Nalisema hili mapema kwa sababu mgogoro wote ulianzia hapo.

Kila Jumamosi huuza tofi kwenye soko la wakulima, tofi za maziwa na tangawizi anazozipika mwenyewe nyumbani. Hukoroga kwa mwiko mpaka sukari ishike rangi, hudondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, na tone likiganda na kugonga kikombe huzima jiko. Utajiri hautamkuta kwa njia hiyo, na anajua. Anakwenda sokoni kwa sababu tangu mumewe afariki nyumba imekuwa kimya mno, na Jumamosi ndiyo siku pekee anayopata watu wa kubishana nao. Hakumlilia mumewe. Msibani alipanga viti, akawakemea waliovikalia vibaya, na ndugu wakamsema mpaka midomo ikachoka. Mimi niliwachukia wale ndugu, na bado nawachukia.

Sasa, muuza vitunguu wa meza ya jirani akaamua kumtilia mchanga kitumbua chake. Alikwenda kwa mwenyekiti wa soko, mfuga nyuki mmoja mpole, akamkumbusha kanuni: kila kinachouzwa kiwe na kitu kilichotoka shambani kwa muuzaji.

"Sukari ya dukani, maziwa ya dukani," alisema. "Yeye analima nini? Sufuria?"

Ukweli ni kwamba watoto walikuwa wanawavuta mama zao na kupita vitunguu vyake bila hata kusimama.

Wakaja wote wawili kukagua. Shangazi aliwapeleka nyuma ya nyumba, karibu na bomba, palipo na ndoo nyeusi iliyopasuka ukingo, majani ya tangawizi yamesimama ndani yake.

"Shamba ndilo hili," alisema.

Mwenyekiti aliizunguka ndoo taratibu, mikono nyuma, kama anayekagua ekari kadhaa.

"Na tangawizi ya humu ndiyo inayoingia kwenye tofi?"

Shangazi hajui kudanganya. Ni kasoro yake kubwa.

"Hapana, ile nanunua. Hii aliipanda marehemu. Mimi naimwagilia tu, sijawahi kuichimba."

Muuza vitunguu alikohoa kwa furaha.

"Mama," mwenyekiti alisema, akitazama viatu vyake, "Jumamosi hii tofi ziwe na tangawizi ya humu. La sivyo, meza itabidi tumpe mtu mwingine. Utanisamehe."

Walipoondoka nilimwambia shangazi aendelee kununua, nani atajua?

"Mimi nitajua," alisema. "Halafu yule wa vitunguu ana pua."

Ijumaa nilimkuta amekaa kando ya ndoo, chai yake imepoa.

"Nikiing'oa hii, mwanangu, Mzee atabaki na nini hapa?"

Nilitamani kumkumbatia, lakini shangazi si mtu wa kukumbatiwa, kwa hiyo nikaishika ndoo. Tukaipindua. Tangawizi ilikuwa imejibana humo miaka yote mpaka ikachukua umbo la ndoo yenyewe. Akamega kipande chenye jicho, akakirudisha kwenye udongo, akakimwagia maji. Iliyobaki aliingia nayo jikoni.

Kosa alilofanya ni kutia kiasi kilekile alichozoea kutia cha dukani. Tangawizi iliyozeekea ardhini bila kuguswa si ya mchezo.

Jumamosi mwenyekiti alionja wa kwanza. Alitafuna, akaacha kutafuna, akavua miwani.

"Hii," alisema, machozi yakimtiririka, "imetoka shambani."

Muuza vitunguu, ambaye hujigamba kwamba hakuna kitunguu kilichowahi kumliza, alichukua moja ili atafute kasoro. Alijikaza kisabuni kwa muda, kisha akageukia magunia yake na kujifuta kwa aproni. Habari zikaenea, na watu walivyo, wakapanga foleni ili nao walizwe. Baba mmoja alilia vizuri tu, akanunua pakiti nzima ampelekee mama mkwe.

Meza ilikuwa imepona. Nikageuka nimpongeze shangazi, nikamkuta naye analia, mabega yanatikisika, mikono imeng'ang'ania ukingo wa meza.

"Eh, hata mpishi zimemshinda!" mteja mmoja alisema, na foleni nzima ikacheka.

Muuza vitunguu akamletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. "Kunywa, Mama Tofi. Ukali utapoa."

Shangazi akanywa, akamshukuru, akaendelea kulia, na hakuna aliyeshangaa.

Nilikuwa naye tangu alfajiri. Hakuwa ameonja hata moja.