Nilifungua Maduka Yasiyo na Bidhaa, Watu Wakarudi

Admin, nakuomba usiweke jina langu, na ukiona kitu kitakachonitambulisha, kifute. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mjane, Mkatoliki, mzaliwa wa upande wa Butembo. Sasa niko Goma. Biashara nimeifanya tangu nikiwa mwanafunzi, na nilikuwa najivuna kwamba naijua. Kisa changu ni cha Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale. Watu wa kule mkisoma, someni mpaka mwisho kabla ya kunilaani.

Nilinunua kiwanja nje kidogo ya kijiji, kando ya barabara, nikajenga maduka kumi na mawili kwa safu moja, moja langu na mengine ya kupangisha, na mbele nikaacha nafasi ya malori kugeuka. Watu walinicheka, wakasema nimewajengea mbuzi. Lakini shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, naye mfanyabiashara, alinitia moyo. "Ile fasi iko na avenir, kesho yake ni nzuri," alikuwa akisema. "Malori ya maharagi na ya mafuta yote inapita pale. Myaka tano tu, soko yote itahamia kwetu." Alitaka kuingiza pesa zake tuongeze depo ya kuhifadhia bidhaa na maduka mengine. Sharti lake lilikuwa moja, aje kwanza aone kama mahali panaishi watu.

Vita vikamtangulia. Wapangaji wangu wakafunga wakaniachia funguo, wakulima wakakimbilia Kibua. Mimi nilikuwa nimenusa hatari mapema: wengine wanafunga magodoro, lori langu lenye bidhaa limekwisha kupita Mubambiro kuelekea Goma. Baada ya wiki kadhaa risasi zikanyamaza, shemeji akapiga simu kwamba anakuja. Nikapanda pikipiki nikamtangulia.

Mnaoishi kule mnajua. Redio iseme kumetulia, chifu aseme kumetulia, watu watabaki walikokimbilia wakiuliza jambo moja tu: wenye maduka wamefungua? Wanatuamini kwa sababu wanajua tunavyoogopa hasara. Na mimi nilijua kwamba wanatuamini. Nikafungua milango yote kumi na miwili. Nikapanga katoni tupu za sabuni na biskuti kwenye rafu, nikawasha redio kwa sauti kubwa, nikakaa barazani kama mtu anayeuza. Bidhaa zenyewe niliziacha Goma, maana sikuamini hata kidogo kwamba kumetulia. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Siku ya tatu akafika Mama Aline, mkulima wa milimani ambaye kila msimu aliuzia maharage yake barazani kwangu. Alikuwa na godoro kichwani na watoto wake wawili, Aline wa miaka tisa na mdogo wake anayeanza kutembea. Mume wake alikuwa amebaki Kibua na mama yake mgonjwa.

"Mama, ni kweli kumetulia?" akaniuliza. "Tulituma muntu aangalie, akasema milango yako yote iko wazi. Njo maana nimekuja."

Nikamjibu, "Si unaiona mwenyewe?"

Akacheka, akatua godoro. "Basi nipatie sabuni moja, ya kufua ao ya kuoga, yote sawa. Batoto banachafuka sana mu njia."

Nikamwambia katoni bado hazijafunguliwa, arudi kesho. Akanitania, "Mali inakusumbua, Mama!" akaenda zake kufungua nyumba yake. Nyuma yake wakaja wengine, familia baada ya familia. Mchana shemeji akafika, akakuta watoto wanacheza mbele ya maduka na moshi unatoka majikoni. Alifurahi mno, tukapeana mkono palepale. Jioni nikafunga milango, nikaondoka naye kwenye gari lake. Sikumwambia Mama Aline kwamba naenda.

Baada ya siku mbili vita vilirudi. Mama Aline na Aline walikuwa shambani, wakauawa hukohuko, hawakufika hata kwenye njia. Jirani mmoja alikimbia na yule mdogo mgongoni mpaka Kibua.

Tangu siku hiyo sina amani. Dukani kwangu Goma mtu akiomba sabuni, naibonyeza katoni kwa mikono miwili kuhakikisha ina kitu ndani. Nikiona mwanamke amebeba godoro nageuza uso. Kwenye kitubio nilisema tu "nilidanganya," padri akanipa sala chache, nikatoka nikijua kwamba nimemdanganya na yeye. Kinachoniua zaidi ni mume wa Mama Aline. Alinipigia simu akilia, akanipa mimi pole. "Hata wewe walikudanganya, Mama," akasema. "Ulipoteza biashara yako yote juu yetu." Nami nikaitikia. Mpaka leo namwita Papa Aline, na Aline hayupo.

Sasa kumetulia tena, ndivyo wanavyosema. Depo imekwisha kujengwa, na shemeji anataka tufungue rasmi Jumatatu. Ameweka pesa zake zote pale na hajui lolote kuhusu zile katoni. Anasema lazima nisimame mbele mimi, kwa sababu watu wakiniona watarudi. Papa Aline naye amepata habari. "Ukifungua, namurudisha mutoto nyumbani," amesema. "Banasiasa sibaamini. Ninaangalia wewe."

Huenda safari hii kumetulia kweli, sijui. Nikimwambia Papa Aline ukweli, atajua ni nani aliyemwita mke wake, na ukoo wa mume wangu utanitupa kwa kumwangusha shemeji. Nikinyamaza, atamleta yule mtoto. Jana alituma ujumbe kwamba mizigo ameshafunga, anasubiri nimwambie neno moja tu, aje au asije. Nimeshika simu tangu asubuhi. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini: nimjibu nini?