Jina Lililoielemea Seva

Gladwell Wacuka alikuwa mwangalizi wa seva, kompyuta iliyoendesha tovuti ya chama cha wakulima wa mahindi, kazi ambayo majirani zake wa Kitale waliiona kuwa ni ya kulipwa kwa kutazama. Hawakukosea sana. Seva ikiwa nzima, hakuna aliyemkumbuka. Ikilegea, wilaya mbili zilimjua kwa jina.

Ililegea wiki ya kugawa mbegu. Mkulima aliandika jina lake kwenye tovuti ili aone siku yake ya kuchukua mbegu, na ukurasa ukabaki kuzunguka mpaka akakata tamaa. Mwenyekiti, Mzee Hillary Kiplimo Lelei, akapiga simu kutoka ofisi ya Bungoma.

"Gladwell, niko kwa hiyo tovuti tangu chai ya asubuhi. Nabonyeza, nabonyeza, wapi. Hiyo ni mashine ama ni punda?"

"Naiangalia, Mwenyekiti."

"Angalia vizuri, bana. Kuna kampuni ya Nairobi inataka hiyo kazi. Nikifika huko kesho iko hivi, unawaachia."

Kuizima hakungewezekana, kwa kuwa wakulima walikuwa wamejaa humo. Ilimbidi aipime kama mgonjwa anayepimwa huku anatembea. Watu hawakuwa wengi kuliko msimu uliopita. Kumbukumbu ilikuwa na nafasi, diski imelala. Prosesa, ubongo wa mashine, ndiyo iliyokuwa ikihema. Akaiambia seva imwonyeshe ni utafutaji gani uliokuwa ukichukua muda mrefu. Mkulima aliyeandika Thuo alijibiwa papo hapo. Wa Gachanja vilevile. Jina moja tu, likirudi tena na tena kutoka Bungoma, lilikuwa limeikalia mashine nzima.

Gladwell alilisoma, akaenda kujimiminia chai.

Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeagiza kwamba mkulima asipotee kwa sababu ya l na r. "Huku Rosaline ni Losaline," alisema wakati ule, "na si hakuna mtu amekufa?" Gladwell, ambaye kwa nyanyake alikuwa Gradwell, alitii kwa moyo mkunjufu. Tovuti ikawa inajaribu kila jina kwa kila namna, l ikigeuzwa r na r ikigeuzwa l, na kila l au r iliizidishia kazi maradufu. Thuo hakuwa na hata moja. Hillary Kiplimo Lelei alikuwa nazo sita, kwa hiyo alitafutwa mara sitini na nne, na kila alipobonyeza kwa hasira, alianza kutafutwa upya.

Akaifundisha seva kuhesabu l na r kuwa herufi moja, itafute mara moja tu. Prosesa ikatulia kama mtoto aliyenyonya.

Kesho yake Mwenyekiti alifika Kitale na uso wa mazishi.

"Ilikuwa nini?"

Gladwell alifikiria uongo kadhaa wa heshima. "Ni jina lako, Mwenyekiti. Lilikuwa linaielemea seva."

Mzee akavuta kiti. "Yaani mashine yote ilishindwa kunibeba?"

"Ilishindwa."

"Na la Thuo?"

"La Thuo lilipita tu."

Uso wa mazishi ukayeyuka. Akaliandika jina lake mwenyewe, akabonyeza. Likafunguka kabla hajaondoa kidole.

"Sasa ni kama la mtu yeyote," alisema polepole.

"Kama la mtu yeyote, Mwenyekiti."

Alitazama kioo cha kompyuta, kama mtu aliyeuziwa kitu kidogo kuliko alichoonyeshwa.

"Kazi utabaki nayo," akasema mwishowe. "Lakini kwa mkutano, hiyo ya mashine kushindwa kunibeba nitaeleza mimi."