Tunauza Mawese

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho hunijia yote, pamoja na harufu yake: moshi wa kuni, mawese mabichi, matope ya ufukweni. Jua linachomoza kutoka ziwani. Sisi wa Ujiji tumezoea kuliona likizama humo, ndiyo maana hata leo siku ile hunijia kama kitu nilichokiota.

Nakueleza haya kwa kuwa umeniambia umepata nafasi ya kwenda Mpulungu, kule Zambia, kujitolea, kuwasaidia wenye biashara ndogo kujitangaza na kupata wateja. Nami niliwahi kuifanya kazi hiyo ng'ambo ya ziwa, Kalemie, nikiwa na umri kama wako. Hakuna aliyenituma wala kunilipa. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe kuandika mabango kwa kunakili herufi za maduka ya Kigoma mjini, na nilikuwa na vijitabu viwili vitatu vya biashara nilivyovisoma hadi vikaachia nyuzi. Mfanyabiashara mmoja Mkongo, aliyekuwa akileta mizigo kwetu, bandari ya Kibirizi, aliniambia kwamba dada yake, Mama Zawadi, ni mjane, anakamua mawese mazuri, lakini wateja hawamjui. Nikasema nitakwenda. Nilivuka kwa boti la mizigo, nimelala juu ya magunia, nikiamini kwamba ninampelekea mtu bahati yake.

Mama Zawadi alinipokea kama mtoto wa ndugu yake. Siku si nyingi akaenda shambani kukamua, akaniachia banda lake la sokoni. Nikaona huo ndio wakati wa kumshangaza. Nikatafuta ubao, nikaupaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi nyekundu ambazo sidhani kama nimewahi kuandika nzuri zaidi: TUNAUZA MAWESE SAFI. Kisha nikazunguka soko zima na barabara ya bandarini nikiyapaza maneno hayohayo. Watu walinitazama kwa furaha.

"Kweli? Mingi?" mmoja akaniuliza.

"Mengi sana," nikamjibu. "Waambieni na wa vijijini!"

Kesho yake nilifungua banda, nikawaona akina mama wanashuka kutoka milimani, mstari mrefu ndani ya ukungu, kila mmoja na dumu kichwani. Hawakuwa na sauti. Ni kanga na vitenge tu vilivyokuwa vikitokeza na kupotea, kama vile ukungu wenyewe ulikuwa ukiwazaa mmoja mmoja. Moyo ukanijaa. Wateja wamekuja na vyombo vyao! Nikamsaidia wa kwanza kutua mzigo. Dumu lilikuwa zito. Lilikuwa limejaa mawese.

"Pima," akaniambia.

"Nipime nini, mama? Sisi ndio tunauza."

"Ndiyo, muuze basi! Tumetoka mbali."

Kwa wenzetu wale, mwanangu, kuuza ni kununua. Mwenye kutoa mali yake sokoni, yeye anauzisha. Wakongo wanaokuja Ujiji hujitahidi kusema nasi kwa Kiswahili chetu, kwa hiyo hilo la kwao lilikuwa halijanifikia; na pengine lilinifikia nikalipuuza. Nilikuwa nimeutangazia mji mzima kwamba Mama Zawadi, ambaye mawese yake mwenyewe yamekosa mnunuzi, ananunua mawese ya kila mtu.

Wakati huohuo mwenyewe akatokea kutoka shambani. Akausoma ubao, akawatazama wale wanawake, na wao wakaanza: "Mama Zawadi, ulituita utuchezee?" "Leo unatudanganya kwa mawese, kesho kwa kipimo!" Hilo la kipimo ndilo lililomchoma. Mjane yule hakuwa na shamba kubwa wala mtu wa kumsemea. Alichokuwa nacho ni watu kuamini kwamba kipimo chake kimejaa. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Mimi nilikuwa nimelizima la mwenzangu mchana kweupe.

Hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu.

"Mutoto ya Kigoma," alisema, "mukono yako inajua kuandika. Masikio yako iko wapi? Ulikuja kunisemea, haukuniuliza miye nasemaka namna gani."

Kisha akawageukia wale akina mama: "Kosa ni ya nyumba yangu. Huyu atawarudishia mizigo." Akaazima mkokoteni, akanikabidhi.

Basi nikasukuma. Wengine walipata wanunuzi palepale sokoni, lakini madumu yaliyobaki yalitosha kunivunja mgongo. Barabara ilipanda kati ya michikichi, na jua lilipita katikati ya makuti likawa vipande vipande chini, kiasi kwamba nilihisi ninatembea juu ya maji. Nikigeuka nyuma, ziwa na mbingu vilikuwa kitu kimoja. Upande wa kwetu haukuonekana, kana kwamba haukuwahi kuwapo. Wale akina mama walinifuata wakinicheka.

"Weye, hii kofia unaiuzisha?" mmoja akaniuliza. "Miye nitaiuza."

Nikasimama kufikiri: nani hapa anauza, nani ananunua? Wakacheka hadi mmoja akakaa chini kando ya njia.

"Siiuzishi, mama," nikasema hatimaye. "Chukua tu."

Akaivaa juu ya kilemba chake. Tangu hapo wakaacha kunicheka, wakawa wanasema nami. Nikanyamaza nikasikiliza. Kiswahili nilichodhani ni changu kilikuwa kama nyumba niliyozaliwa, ila yenye vyumba ambavyo sikuwahi kuvifungua.

Kijijini bibi mmoja aliyeitwa Feza, mkubwa wao, alinipa ugali na samaki, akanitazama nikila mpaka nikamaliza.

"Mutu wa kutudanganya hangesukuma huu muzigo mpaka hapa," alisema. "Rudi, umwambie Zawadi jina yake haikuanguka. Ilijikwaa tu."

Nilishuka mlima mbio. Nilipomfikishia Mama Zawadi maneno yale, alikaa juu ya dumu tupu, akajifuta uso kwa pindo la kitenge. Baadaye akaniletea brashi, akanitajia neno herufi kwa herufi, nami nikaandika: TUNAUZISHA. Wateja walikuja polepole. Baadhi yao, usicheke, walikuja kumwona Mtanzania aliyeita mlima mzima.

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji haponi kwa mgeni asiyeketi kwanza. Kabla hujaandika neno, kabla hujapiga picha na kuirusha kwenye simu, muulize mwenye mali: wewe mwenyewe unalisemaje hili? Umsomee yeye kabla ya kuusomea ulimwengu, kwa maana ukikosea, wewe utapanda meli urudi. Yeye atabaki pale na jirani zake. Na ukishakosea, usimtume mtu kukuombea radhi. Sukuma mwenyewe.

Nenda sasa. Mungu akujalie ulimi mzito na masikio mepesi, ziwa likutulilie uendako na urudiko, na siku utakayowaaga watu wale, uyaache majina yao yakiwa mazima kama ulivyoyakuta.