Daftari la Mlo la Fundi Saa

Si kweli kwamba fundi saa alikufa kwa njaa. Maneno hayo yalizungushwa mtaani mwaka mzima na mtu mmoja, dada wa marehemu, mshonaji mwenye cherehani kibarazani na ulimi usiopumzika. Alidai kwamba wifi yake, mke wa fundi, yule mwalimu wa lishe anayejidai kwa vyeti, alikuwa akichemsha viazi, anamwaga maji yenye nguvu zote, anachemsha tena, anamwaga tena, halafu mgonjwa anapewa makapi yasiyo na chumvi.

Maji yalimwagwa, hilo ni kweli. Figo za fundi zilikuwa zimechoka. Figo nzima huondoa potasiamu inayozidi mwilini. Figo mbovu huiacha damuni, nayo ikipanda sana husimamisha moyo. Na imejaa kwenye vyakula vinavyosifiwa: ndizi mbivu, machungwa, viazi. Ndiyo maana Mwalimu alivikata viazi vidogo vidogo na kuvichemsha mara mbili kwa maji mengi, potasiamu imwagike pamoja na maji. Mahali pa chumvi alitia ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga. Alimweleza wifi yake hayo yote wamesimama jikoni. Wifi akacheka. "Tangu lini tunda likaua mtu?"

Kliniki ilimtaka fundi aandike kila alichokula, naye mtu aliyezoea kuhesabu meno ya magurudumu ya saa hakuruka kitu. Baada ya mazishi Mwalimu alilifungua daftari akakuta kurasa za nyuma, asizowahi kuonyeshwa. "Jumanne, saa tisa. Dada. Ndizi mbivu nne, juisi ya machungwa glasi mbili. Mwalimu yuko shuleni." Kurasa kumi na moja za namna hiyo, mpaka Ijumaa ya mwisho ya uhai wake. Jumamosi moyo wake ulisimama.

Hakumwonyesha mtu. Kumwaga mtama kungemchafua na marehemu, aliyekula kwa kujificha. Alilifungia daftari kabatini, akangoja.

Siku ilifika binti yake alipochumbiwa. Mama wa kijana akatuma ujumbe: wamesikia mambo kuhusu jiko la nyumba ile, kwa hiyo wanasita. Mwalimu akawaalika chakula cha mchana, na wifi naye, maana shangazi wa binti hakosi.

Akapika kile kile alichompikia mumewe.

"Viazi hivi ni vitamu," mama wa kijana alisema. "Umetia nini?"

"Ndimu na saumu. Ndicho chakula cha marehemu."

Wifi akacheka puani. "Chakula cha ndege. Kaka yangu alikuwa akinililia njaa, jamani."

"Ongeza basi, wifi. Usije ukasema na wewe nimekunyima." Akampakulia sahani ya pili, pole pole, kisha akamgeukia mgeni. "Matunda nitawaletea, ninyi mna afya. Kwa mwenye figo mbovu, ndizi nne na glasi mbili za juisi zinaweza kumsimamisha moyo."

Kijiko cha wifi kikasimama hewani. Hesabu ile aliifahamu.

Mwalimu akaweka daftari kando ya sahani yake, limefunguliwa nyuma. "Mwandiko wa kaka yako unaujua. Wasomee wageni kuanzia hapa mpaka Ijumaa. Au nilifunge?"

Wifi alisoma mistari miwili kimoyomoyo. Kidole chake chenye alama za sindano kikakwama juu ya neno "Dada".

"Lifunge," alinong'ona.

"Waambie kwanza kaka yako alikulaje kwangu."

"Alikula vizuri."

"Hawajakusikia."

"Alilishwa vizuri." Akainua sauti. "Niliyoyasema mtaani niliyazua mimi."

Mwalimu akafunga daftari, akalipakata mapajani. Mwaka mzima alikuwa ameisubiri sura ile, na sasa aliitazama bila haraka, kama mtu anayekula anachokipenda.

"Malizia viazi, wifi, vinapoa."

Mama wa kijana akawatazama wote wawili. "Kwani humo mmeandikwa nini, mwenzangu?"

"Chakula."

"Chakula tu?"

"Chakula tu. Mume wangu alikufa kwa figo. Zaidi ya hapo sisemi, si leo wala siku nyingine."