Bajaji ya petroli, bajaji ya umeme, na kopo la mke wa mtu

Leo nimefichua kopo la mke wa mtu. Sikukusudia, jamani.

Binti yangu Zainabu anatoa akiba yake yote anunue bajaji, mumewe aendeshe Misugusugu hadi Tumbi. Ya petroli au ya umeme? Akikosea, hana akiba nyingine.

Madereva siwaulizi, kila mmoja anaisifia yake. Nimewafuata wake zao.

Wa petroli akasema, "Bibi, mafuta yapo kila mahali. Ila kila wiki mume wangu yuko kwa fundi. Leo plagi, kesho oili, na nguo zake hazitakati."

Jirani yake, wa umeme, akacheka. "Wangu asubuhi anachomoa waya anaondoka. Fundi tunamsikia kwenu tu!"

Nikampigia Zainabu palepale. Chukua ya umeme!

"Subiri, Bibi," yule wa umeme akanishika mkono. "Betri nayo inachoka, na mpya bei yake inaumiza. Mimi kila siku natia pesa kidogo kwenye kopo. Mwenyewe hajui."

"Kopo gani?"

Mumewe huyo, kasimama mlangoni.

Mimi simu bado iko sikioni, Zainabu anasikia yote.

Nikamwambia, "Baba, kopo hilo ndilo la betri mpya, ndilo litakalokufanya uendelee kuwa barabarani. Liguse, utanitambua."

Akakuna kichwa. "Sawa, Bibi."

Zainabu kachukua ya umeme. Mimi nimemnunulia kopo.

Wanawake wenzangu wa bajaji, yenu mmeyaficha wapi?

Hapana, msiandike hapa. Mkwe wangu anasoma.