Mama Alisamehe, Kisha Akadai Ukweli

Mama yangu alikuwa mpishi wa shughuli huku Likoni. Iwe harusi, hitima au maulidi, aliitwa yeye, na biriani yake ilisifiwa mpaka ng'ambo ya feri. Jirani yetu wa nyuma alipomwoza binti yake, mama ndiye aliyepika. Kesho yake wageni wengi wakaamka wanatapika na kuharisha. Jirani akatangaza kwamba mama alipika nyama iliyovunda.

Hakuna aliyemshitaki. Waliacha tu kumwita. Masufuria makubwa yakapinduliwa uani, na mama akaanza kukaanga bajia barazani ili tule. Wanawake aliowapikia harusi zao wakawa wanapita upande wa pili wa njia.

Karibu mwaka ukapita. Adhuhuri moja jirani akaja, akakaa mkekani, akalia. Kumbe waliposafisha tangi lao baada ya harusi, walikuta paka aliyekufa ndani. Maji hayo ndiyo yaliyotengenezewa sharubati ya wageni. Alijua, akanyamaza kwa kuwaogopa wakwe wa bintiye.

"Nisamehe, shoga yangu. Wallahi silali."

"Nimekusamehe," mama akajibu hapo hapo.

Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu, na nilitamani kutoka nimfukuze. Niliona ataondoka na moyo mweupe, sisi tubaki na bajia zetu.

Lakini mama hakuwa amemaliza. "Mimi na wewe yamekwisha. Ila jina langu hukuliharibia humu ndani. Uliliharibia mbele za watu, na huko huko utalitengeneza."

"Watanitukana!"

"Nitakuwa ubavuni mwako."

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na maulidi ya wanawake mtaani. Baada ya dua jirani akasimama, mama kamshika mkono. Alisema yote, tangi na paka na uoga wake. Minong'ono ikazuka, na bibi mmoja mtu mzima akaanza kumlaani. Mama akamkatiza kwa upole.

"Niwie radhi, bibi yangu. Aliposema uongo mlimsikiliza. Leo asema kweli, msikilizeni vile vile."

Wengine walimwomba mama radhi pale pale. Wengine hawajafanya hivyo hadi leo. Ila kabla mwezi haujaisha tulipakia masufuria kwenye tuktuk, tukaenda kupika harusi karibu na Shelly Beach.

Njiani nilimuuliza kwa nini alikuwa mwepesi vile wa kusamehe.

"Ningemkaripia siku ile, mwanangu, angerudi kwake na maneno yake, na asingeyatoa tena kwa mtu. Nani angenisafisha?"

Mimi mwenyewe nilichelewa sana kumsamehe jirani. Idi iliyopita ndipo nilipompelekea sahani ya visheti, nikasimama mlangoni, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akanivuta ndani, tukakaa tukizungumza mpaka alasiri.