Hodi kwenye Kona ya Saba

Sibishani na mtu asiyetaka kuamini. Nilikuwa peke yangu, jua linawaka, sijaonja hata glasi moja, na sikio langu la kushoto, hili lisilosikia tena, ndilo shahidi wangu.

Kazi yangu ni kukagua bomba la tope nyuma ya mgodi, upande wa Ruashi. Linapeleka bwawani maji na mchanga wa mawe yaliyosagwa. Ninaweza kulifuata asubuhi nzima nisimwone mtu. Nyumbani ni hivyo hivyo: mke wangu anafanya biashara Mokambo, mpakani, huja akipata nafasi, nami nalala na redio.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Ilunga. Bomba likinyooka halina shida, alisema. Shida ni kona. Tope likifika pale halitaki kukunja. Linajibamiza upande wa nje, linajizungusha, linakuja kwa nguvu, linalegea, linakuja tena, na mchanga unakula chuma kwa ndani ambako huoni. Upande huo aliuita tumbo la kona. Ndiyo maana tunasikiliza: ncha moja ya nondo kwenye bomba, nyingine nyuma ya sikio, nawe umesimama upande wa ndani. Wa ndani, siyo wa nje. Kila mara kabla ya kusikiliza aligonga mara tatu, akatulia, kisha moja. Alisema anapiga hodi.

Alipostaafu akaugua. Alimtuma binti yake aniambie nifike, amenikumbuka. Nikasema Jumapili. Ilipofika nikasema ijayo. Zikapita nne hivyo, na kusema kweli sikuwa na shughuli yoyote. Niliogopa tu kumwona amekonda.

Jumapili ya tano nilikuwa zamu, asubuhi, watu wako misani. Kwenye kona ya saba nilisimama upande wa nje kwa sababu mti uliweka kivuli pale. Ndiyo, mimi, niliyefundishwa. Nikaweka nondo nyuma ya sikio. Ndani ya kelele za tope nikasikia mara tatu. Kimya. Kisha moja.

Unauliza kwa nini sikukimbia? Nilifurahi, niamini. Nani mwingine alikuwa amenipigia hodi mwezi ule? Nikagonga kumjibu. Nilipoinua macho, Papa Ilunga alikuwa ameketi ng'ambo ya bomba na ovaroli yake ya bluu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, njia yote matope, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Ulisema utakuya dimanche," akaniambia bila hasira, akimaanisha Jumapili zangu. "Nimekungoya. Sasa ni miye nimekuya."

Nikaanza kuomba msamaha. Hakuusikiliza. Alipapasa nyasi kando yake.

"Toka kule kwa tumbo, mutoto yangu. Kuya tuikale."

Nikainama, nikapita chini ya bomba. Sijasimama sawasawa, kona ikapasuka nyuma yangu. Tope liliung'oa mti wa kivuli changu, na mlipuko ule ulichukua sikio. Nilipogeuka kumtafuta hakuwapo, na nyasi alipoketi hazikuwa zimelala.

Mchana nilikwenda kwao na nguo zile zile. Viti vya wafiwa vilikuwa vimeshapangwa uani. Binti yake alinisimulia taratibu: alikufa alfajiri, na usiku kucha alikuwa akigonga chuma cha kitanda, mara tatu, kisha moja. Walidhani ni maumivu.

"Ao ni weye alikuwa anaita?" akaniuliza.

Nililia mbele za watu.

Siku hizi kila kona nasimama upande wa ndani, nagonga hodi, nangoja. Bomba linavuma tu. Wenzangu wanasema tope likivurugika hutoa milio ya kila namna, na sibishani nao.

Lakini wewe, kama kuna mtu umemwambia Jumapili, nenda leo. Usingoje aje yeye. Atakuja, utafurahi kumwona, na hutapata hata nafasi ya kumuuliza kama anaumwa.